Plagi Nne za Balwant Singh

Mwaka wa 1934 hapakuwa na mtu Kisumu nzima aliyelisugua gari lake kama Balwant Singh, mwenye kinu cha kusaga mahindi. Alilinunua kuukuu, la mwaka wa ishirini na nne, kutoka kwa Mzungu mmoja wa Milimani aliyekuwa akirudi kwao. Kila asubuhi alilizunguka na kitambaa mkononi, akilifuta taa, akilifuta milango, akijitazama ndevu kwenye bati. Mkewe, Manjit Kaur, alimtazama kutoka dirisha la jikoni huku akikanda unga, akasema moyoni: anamnawisha uso mgonjwa wa tumbo.

Manjit alikuwa akijua alisemalo. Marehemu babake alikuwa fundi katika karakana ya reli, na jioni alitengeneza magari ya watu uani kwake. Mama alikufa mapema, kwa hiyo mtoto alikulia katikati ya spana. Alipofika miaka kumi aliweza kusikiliza injini akiwa amegeuka mgongo, akasema ni plagi ya ngapi iliyokataa kutoa cheche ya kuwasha petroli. Alipoolewa, mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Biji, alimnusa mikono, akamwambia, "Hapa kwetu mwanamke hanuki petroli." Manjit akanyamaza. Alinyamaza miaka saba, lakini kunyamaza si kuheshimu.

Basi siku moja akashuka melini mchuuzi mwenye suti nyeupe na ulimi wa asali. Aliuza plagi, nne katika kisanduku cha manjano chenye picha ya simba aliyevaa taji. Jina la aliyezitengeneza halikuwapo popote. Balwant akakibeba kisanduku kile nyumbani kama aliyebeba mtoto wa kiume.

Dereva wake, Yahya, mtu wa mtaa wa Kaloleni papo hapo Kisumu, ambaye babake alitoka Pwani na mamake ni Mjaluo wa Kano, aliitoa plagi moja akaigeuzageuza.

"Bwana, kauri ya hii ni nyepesi kama kikombe cha chai. Zile za zamani nimezisafisha juzi tu. Bado zinafaa."

"Wewe ni dereva au daktari?" Balwant akamuuliza. "Funga hizi!"

Zikafungwa. Wiki haikuisha, gari likaanza kukohoa. Barabara ikiwa tambarare lilijikongoja, lakini likionyeshwa kilima tu, lilitetemeka, likapiga mlio kama bunduki, likatema moshi mweusi, na petroli ikawa inanywewa kama uji. Balwant akailaumu petroli. Kisha akailaumu mvua. Kisha akalaumu macho ya watu wenye wivu, akatundika ndimu na pilipili mbele ya gari. Ndimu zikakauka, gari likaendelea kukohoa. Mwishowe akamlaumu Yahya. Mbele ya wanawake waliopanga foleni na mahindi yao pale kinuni, akapaza sauti: "Mwizi! Unauza petroli yangu na kujazia maji!"

Yahya aliweka ufunguo juu ya mzani akaenda zake.

Manjit aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia. Alijua kwamba cheche ikiwa dhaifu petroli haiungui yote, hutoka na moshi bure. Angeweza kusema maneno mawili tu. Hakuyasema. Alikuwa akifurahia kumwona mumewe akijiaibisha, akasahau kwamba mwenye kuaibishwa siku ile hakuwa mumewe.

Mwezi uliofuata Balwant alialikwa Kisii kufungua kinu cha rafiki yake. Alivaa kilemba kipya, akashika usukani mwenyewe, Biji na Manjit wakakaa nyuma. Mpaka Katito gari lilikwenda likipiga chafya. Walipoanza kupanda kuelekea Sondu, likatetemeka mara tatu, likasimama. Balwant akashuka, akafungua boneti, akaitazama injini kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Akalipiga gurudumu teke.

Watu waliotoka sokoni wakasimama kutazama. Mwanamke mmoja mwenye kapu la samaki kichwani akasema kwa huruma, "Mos, pole, mama. Gari imechoka?"

"Haijachoka," Manjit akajibu, akishuka. "Imelishwa takataka."

"Rudi ndani!" Biji akafoka.

Manjit alikwisha kufunga mtandio kiunoni. "Washa," akamwambia mumewe. Labda kwa sababu ya watu, Balwant akawasha. Injini ikachechemea. Manjit akachukua bisibisi yenye mpini wa mti, akagusisha kichwa cha plagi ya kwanza na chuma cha injini ili kuipokonya cheche. Injini ikazidi kulegea: hiyo ilikuwa hai. Akagusa ya pili, injini haikujali. Ya tatu, vilevile. Ya nne, ikalegea tena.

"Zima. Hizi mbili ni maiti."

Akazifungua kwa spana. Kauri ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na chini kulikuwa na masizi yaliyolowa petroli. "Cheche inatorokea hapa. Kwenye tambarare inajaribu, mlimani inashindwa. Hata mtoto wa fundi anajua."

Alipofungua sanduku la vyombo chini ya kiti akazikuta plagi za zamani, zote nne, kila moja imeviringishwa kitambaa chenye mafuta. Yahya ndiye aliyeziweka. Kumbe mtu aliyeitwa mwizi alikuwa ameitunza mali ya bwana wake vizuri kuliko bwana mwenyewe. Manjit akahisi uso unawaka. Akazifunga plagi hizo, na gari likapanda mlima likinguruma sawasawa.

Huko Kisii Balwant alivikwa maua, akawaeleza wenyeji, "Plagi zilisumbua kidogo, nikazirekebisha." Manjit hakumtazama hata.

Kesho yake, waliporudi, alikwenda Kaloleni. Yahya alikuwa amekaa mlangoni akishona kiatu.

"Rudi kazini, Yahya. Si wewe uliyeharibu gari."

"Najua, mama. Nimepata lori la pamba." Akavuta uzi. "Kazi sikuitaka. Nilitaka neno hilo lisemwe palepale nilipoitwa mwizi."

Manjit akaenda moja kwa moja kinuni. Foleni ilikuwa ndefu. Akasimama kando ya mzani, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Yahya hakuiba petroli. Bwana alinunua plagi mbovu. Mimi nilijua, nikanyamaza." Kinu kilikuwa kimezimwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujifanya hakusikia. Balwant akachukua kitambaa, akaanza kuusugua mzani. Biji hakusema na Manjit siku tisa, na zilikuwa siku tisa za raha.

Baada ya hapo Balwant hakumwomba mkewe ushauri kamwe kuhusu gari. Hilo lingemshusha hadhi. Ila kila aliponunua plagi alizisahau jikoni, kando ya ungo, akaenda kuoga. Akirudi, nzuri alizikuta mezani, na mbovu kwenye ndoo ya majivu.