Kondoo Ndani ya Moyo wa Fundi Viatu

Chumba alichofanyia kazi Mama Vipande kilikuwa na baridi ya kumpigisha mbu chafya. Baridi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watu, iliwekwa kwa ajili ya mashine. Nayo mashine, kubwa kama kabati la bibi harusi, ilikuwa na kazi moja tu: kupima uzito wa vitu vidogo hivi kwamba chawa akisimama kando yavyo anakuwa mlima.

Jina lake mama huyo alilipata hapo hapo. Akiletewa kinyama kilichokatwa mwilini mwa mgonjwa, kidogo kuliko punje ya mchanga, alikitilia kimeng'enya, maji yenye meno, yakazikata protini vipande vipande. Mashine ikapima kila kipande, kompyuta ikalinganisha uzito huo na wa protini zote zinazojulikana, za watu na za wanyama, ikataja jina la mwenyewe. Miaka nenda miaka rudi, na bado kila jina lilipotokea Mama Vipande alitabasamu kama mtu aliyeitwa na shoga yake sokoni.

Wiki hiyo vililetwa vinyama viwili kutoka moyo wa fundi viatu. Protini ilikuwa imeganda humo, moyo ukawa mgumu kama soli. Huenda ilitoka kwenye uboho wa mifupa, huenda ilitoka kwenye ini, na kila moja ina dawa yake; ukimpa mgonjwa dawa ya ile nyingine, umemmaliza. Na kuuchokonoa moyo ule mara ya pili, daktari wake alikuwa hathubutu. Vinyama vilikuwa viwili, basi.

Mama Vipande akaandaa cha kwanza. Jibu lilipotoka, Mkuu wa maabara, mtu wa utani asiyepitwa na neno, aliinamia kioo cha kompyuta, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama Vipande, huyu fundi anashona viatu au anachunga?"

"Kwa nini, Mkuu?"

"Moyoni mwake mna kondoo."

Wakaangua kicheko. Kisha cha Mama Vipande kikamkauka mdomoni, maana macho yake yalianguka kwenye mikono yake mwenyewe. Nywele alizifunika, glavu alivaa, lakini chini ya koti jeupe sweta jipya la sufu lilikuwa linachungulia. Nyuzi zake ndogo zilikuwa zimedondoka kwenye kichupa cha kinyama, zikaifunika protini ya fundi kama zulia.

"Ni mimi, Mkuu. Ni sweta la mama mkwe."

"Lo! Na kimebaki kimoja. Nimpe mwingine akiandae?"

"Hapana. Nitakiandaa mwenyewe."

"Haya. Ila huyo kondoo mfungie nyumbani."

Kumfungia nyumbani ndiyo ilikuwa shughuli. Mama mkwe alilifuma sweta hilo kwa kasi hata sindano zikatoa moshi na jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Aliposikia halitavaliwa tena kazini, akanuna.

"Sweta langu limekukosea nini, mwanangu?"

"Halijanikosea, mama. Mashine imelikuta ndani ya kichupa cha mgonjwa. Imesema ni kondoo."

"Si nailoni?"

"Kondoo mtupu, mama."

Mama mkwe akapiga makofi. "Na yule muuza nyuzi nimemwita tapeli wiki nzima! Kumbe sufu halisi!" Akamgeukia mwanawe, mume wa Mama Vipande, aliyekuwa anatafuna chakula chake. "Umesikia, wewe uliyesema linanuka plastiki?"

Ruhusa ya kuliacha sweta nyumbani ikapatikana.

Kesho yake Mama Vipande akaingia na koti la pamba tupu, kofia mbili kichwani. Meno yaligongana hadi mlinzi wa getini akadhani kuna mtu anapiga taipu. Akakitazama kile kinyama cha mwisho. Akaegemeza mkono mezani. Akatia maji yenye meno, akafunika, akatoka kuota jua.

Siku ya majibu, mistari ilichomoza kwenye kioo kama nyasi baada ya mvua. Mkuu alikuwa nyuma ya bega lake.

"Kondoo hayumo," akanong'ona. "Yumo nani?"

Mama Vipande alisoma, akarudia, akashusha pumzi, kisha akanyanyua simu kumpigia daktari wa moyo.

"Ni ya ini, Daktari."

"Una hakika?"

"Vipande vyake vimejaa kioo kizima. Ya uboho haipo hata ya kuonja."

Upande wa pili kiti kilisukumwa, mlango ukafunguliwa, daktari akaita kwenye benchi la nje: "Fundi, njoo! Dawa yako imejulikana, unaanza leo!"

"Leo leo?" ikajibu sauti nzito. "Na viatu vya watu nimeviacha nusu?"

"Utavimaliza, mzee wangu. Na vya wajukuu wao pia."