Maji Yaliyonuka Moshi

Mume wangu alipokufa sikulia. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu wifi yangu mkubwa alilisema kila mahali, na mimi sipendi kusemewa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulimzika kwao, kwenye vilima vya Maseno, na kwa siku nyingi boma lilifurika watu. Kwetu Wajaluo mjane asipopiga mayowe, watu humtazama kwa jicho la pembeni. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikitazama miguu ya waombolezaji, viatu vya nani vimechakaa, nani amekuja na ndala. Si kwamba sikumpenda. Nilikufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na nikarudi Kisumu kazini na ganzi yangu hivyo hivyo.

Nilikuwa msaidizi wa maabara katika ofisi ya maji. Unatia maji kwenye vichupa vyenye dawa ya rangi ya zambarau, unavifungia kwenye kabati la joto, unangoja siku mbili. Zambarau ikibaki zambarau, maji ni mazuri. Ikigeuka manjano na kutoa mapovu, watu wanakunywa kinyesi. Hakuna namna ya adabu ya kulisema hilo, ingawa mkubwa wangu aliitafuta katika kila ripoti.

Mwaka uliofuata ofisi iliamua kuvitambua vikundi vya vijijini vilivyokuwa vikitunza chemchemi zao. Chemchemi itakayopita vipimo ingewekewa kibao cha bati, na wakubwa wangekwenda kutoa shukrani mbele ya watu. Isiyopita ingefungwa mpaka irekebishwe. Gari la ofisi halikuwa na petroli, basi tukavipelekea vikundi chupa safi, akina mama wakaonyeshwa namna ya kuzijaza, na wao wenyewe wakazileta mjini.

Chemchemi ya kwa mume wangu ilikuwamo kwenye orodha. Aliyeianzisha kazi ile ni mama mkwe wangu. Kabla yake ng'ombe na watu walikunywa dimbwi moja. Yeye ndiye aliyewakusanya wanawake wakabeba mawe, wakapanda ua wa minyaa, wakapiga marufuku kufulia pale. Siku moja alimfukuza mzee wa kanisa aliyekuwa anaoshea baiskeli yake hapo, akamrushia na bonge la udongo, na Jumapili wakapeana mkono kama kawaida. Ukuta wa saruji, wenye bomba la kutolea maji, ulijengwa na mume wangu, aliyekuwa fundi mwashi, katika likizo yake. Kwenye kona alibandika kiganja chake saruji ikiwa bado mbichi. Utundu tu.

Sasa, jambo lililonikaba ni hili. Baada ya mazishi nilikataa kurithiwa na shemeji yangu. Mama mkwe hakunisukuma, lakini wifi alikuja juu. Alisema nitaleta chira, yaani balaa linalomwandama aliyevunja mila, na kwamba halitaishia kwangu. Mvua zilipoanza watoto wawili wa jirani wakaharisha, na wifi akauliza watu kama walidhani anatania. Kwa hiyo nilijua vizuri. Maji yale yakishindwa vipimo, hukumu ingekuwa yangu. Nisingekanyaga tena boma lile, na kaburi la mume wangu liko hapo hapo nyuma ya nyumba.

Mama mkwe alileta chupa mwenyewe. Alipitia kwanza chumbani kwangu Kondele, akaniachia ndizi, akalalamika jinsi nilivyokonda, kisha tukaenda pamoja ofisini. Chupa ilikuwa kikapuni, imefungwa leso kama mtoto mchanga. Akamkabidhi mkubwa wangu kwa mikono miwili, akaenda zake.

Nilipofungua kifuniko, maji yalinuka moshi.

Harufu ile naijua. Kila mgeni aliyefika kwa mama mkwe, awe mwalimu au padri, alipewa maji yaliyochemshwa kwa kuni na kupozwa mtungini, na yote yalikuwa na ladha ya jiko lake. Nikajua ameyachemsha. Nilidhani ni heshima tu: ofisi ni mgeni, na mgeni hapewi maji mabichi. Ningecheka kama ningekuwa na kicheko.

Siku mbili zikapita na zambarau ikabaki zambarau. Nilimwambia mkubwa wangu kwamba maji haya yamepikwa. Akaniuliza tangu lini maabara inapima kwa pua, niandike kichupa kinavyosema. Mwanamke mwenye akili angeandika. Kibao kingewekwa, wifi angefunga mdomo, na mimi ningekwenda kaburini nikitaka. Lakini mtu aliyekufa ganzi hata hila hana. Sikuona faida wala hasara. Niliona tu kwamba maji yale siyo maji ya pale, na watoto wanaharisha, na kazi yangu ni kupima. Jumamosi nikachukua chupa nyingine nikapanda kwenda Maseno.

Mama mkwe alinikuta nimeinama kwenye bomba. Akasimama juu yangu, akasema alishatoa maji. Nikamwambia nimekuja kuchukua yasiyopita jikoni. Hakubishana. Alisimama pale mpaka nikafunga kifuniko, na sikumwelewa.

Vichupa viligeuka manjano vyote. Vingine vilitoa mapovu mengi mpaka mkubwa wangu akaacha chai yake akaja kutazama. Akasema chemchemi haioti kinyesi yenyewe, kuna choo mahali fulani juu yake, nikakitafute. Nilikaa nikifikiri kuna choo gani kule juu, kwa sababu mama mkwe hakuruhusu choo upande ule. Halafu nikakumbuka.

Kilikuwa choo cha matanga. Watu walipofurika kumzika mume wangu, vijana walichimba shimo upesi upesi nyuma ya ghala, juu ya mteremko, wakalifunika mbao na kulizungushia mabua. Siku ile nani angeuliza maji yako wapi? Baada ya mazishi shimo likabaki, na majirani wakaendelea kulitumia kwa sababu lilikuwa karibu na njia.

Nilirudi na karatasi ya vipimo. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua maharage. Nikamweleza yote: vichupa, mapovu, choo. Nilizungumza kama ninayesoma bei sokoni. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Nilijua," akasema. "Tangu mvua ya kwanza. Maji ya mwanangu naijua ladha yake."

Wageni wa nyumba yake aliendelea kuwapa ya kuchemsha, akasema, na majirani aliwaambia wachemshe, wakamjibu kuni ni za kupikia ugali. Mimi hasira zikanipanda, hasira za kwanza kwa muda mrefu. Nilimuuliza kwa nini basi aliidanganya ofisi, yeye aliyempiga mzee wa kanisa kwa udongo. Alitaka kibao kiasi hicho?

"Kibao cha nini, Nyar Katito?" Aliniita hivyo siku zote, binti wa Katito, kwa vile nimetoka huko. "Wangesema ni wewe. Niliyachemsha kwa ajili yako."

Nikakaa chini tukachambua maharage pamoja.

Kesho yake asubuhi alichukua jembe, mimi nikachukua karai. Tulibomoa mabua, tukang'oa mbao, tukamwaga jivu, tukaanza kufukia. Hakuita mtu. Katikati ya kazi akasimama, akafuta jasho, akalitazama shimo. Akasema watu walikuja kumlilia mwanawe na hiki ndicho walichomwachia. Halafu akacheka, mama yule, akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilitabasamu kwa sababu ya adabu.

Chemchemi ikafungwa. Wanawake wakawa wanateremka mpaka mtoni na madebe, mwendo wa kuchosha, na wifi alihakikisha kila debe linabebwa pamoja na jina langu. Kibao kilikwenda kijiji kingine. Mama mkwe alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza habari za shimo, na wengi walimwitikia tu kwa kumheshimu. Kila mwezi nilichukua maji bombani nikayapima. Manjano. Manjano. Kisha vichache. Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, zambarau ikabaki zambarau, na maji hayakunuka kitu.

Ofisi ikatutengenezea kibao chetu, na siku ya kukiweka afisa aliyetumwa alishukuru serikali, akamshukuru naibu wa chifu ambaye hakubeba hata jiwe moja, akamalizia na kamati. Mama mkwe akaitwa aseme mawili matatu. Alikuwa ameshika kikombe. Hakuangalia wakubwa, aliangalia upande waliokaa wanawake, wifi akiwa mstari wa mbele.

"Maji haya yaliharibiwa na msiba wetu," akasema. "Sisi sote tulijisaidia mle. Nyar Katito peke yake ndiye aliyethubutu kuyapima."

Akainama akajaza kikombe bombani, mabichi, akaniletea mimi kabla ya afisa. Nilishika ukuta ili ninywe, na mkono wangu ukaangukia kwenye kile kiganja cha saruji. Maji yalikuwa baridi. Nikayasikia yakishuka kifuani, yakaniuma, na sauti ikanitoka ambayo sikuijua. Nililia mbele ya wakubwa, mbele ya naibu wa chifu, nikaita jina la mume wangu kama nilivyotakiwa kuliita siku ile ya kwanza. Afisa akatazama saa yake. Hakuna aliyeninyamazisha.

Nikamsikia wifi akimwambia jirani yake, bila kunong'ona, "Kumbe alimpenda."

Mama mkwe alichukua kikombe mkononi mwangu, akamjazia afisa.