Tunu wa Tandika, anayesaka nukta mfu chini ya kaniki

Saa nne asubuhi, jua la Tandika limeshapanda na halina utani. Kwenye baraza la duka la kompyuta, mwanamke amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kajifunika kaniki nyeusi kuanzia kichwani hadi magotini. Ndani ya kaniki kuna mwanga unaobadilika: mwekundu, kijani, bluu.

"Bi mkubwa, pole na mafua! Umetia majani gani leo?" anauliza msukuma toroli anayepita na madumu ya maji.

"Mkaratusi. Ukitaka zamu yako, panga foleni," sauti inamjibu kutoka gizani.

Hajifukizi. Tunu Mwinshehe, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, yuko kazini. Humo ndani kapakata kompyuta mpya kabisa, anakikagua kioo chake kama mkunga anavyomkagua kichanga, kidole kwa kidole.

Dakika chache baadaye anafunua kaniki, uso umelowa jasho. Mteja wake, kijana wa ofisi ya kutoa mizigo kule Kurasini, amesimama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Ziko mbili," Tunu anamwambia. "Hii ya kijani pembeni imezimia tu, huenda ikaamka. Hii ya hapa kati ni maiti. Usichukue."

Kijana anainama, anakodoa macho, haoni kitu. Tunu anamwelekeza kwa njiti ya kiberiti, bila kugusa.

"Aaah! Kumbe!"

"Haya, ushaiona. Ungeinunua, kuanzia leo usingeona kitu kingine."

Kioo cha kompyuta kimejaa nukta ndogo ndogo za mwanga, zaidi ya milioni moja. Nukta ikikwama kwenye rangi moja, Tunu huiita iliyozimia; humchezeshea rangi mgonjwa wake kwa saa kadhaa, na mara nyingine anazinduka. Ile isiyowaka kabisa, rangi yoyote utakayoleta, ndiyo maiti. Ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha, na kwa kawaida mwenye mali huiona akishafika nyumbani.

Kwa kukagua kompyuta moja Tunu hulipwa Sh3,000. Siku njema hupata kompyuta nane, siku mbaya mbili. Kwa hizo analipia chumba chake cha Sh50,000 kwa mwezi na kuendesha maisha.

Kazi hii hakuisomea popote. Kwa miaka kumi na sita alichambua mchele katika ghala moja la sokoni, yeye na wenzake wamekaa kwa mstari, nyungo mapajani, wakitoa mawe na chuya. Kisha ikaja mashine.

"Kazi yetu ya siku mbili, yenyewe inaifanya kwa saa moja, na haidai chakula cha mchana," anasema. "Tukaambiwa asanteni."

Akaenda kufagia dukani kwa Elibariki, mfanyabiashara kijana aliyeteremka kutoka Machame. Siku moja alikuwa akifuta vumbi kwenye kompyuta ya maonyesho, akakuta punje haifutiki. Akafuta, akapuliza, akafuta tena.

"Nikamwambia, bosi, hii ina jiwe. Akacheka mpaka akakaa chini."

Siku ya tatu mteja aliyeinunua aliirudisha, amefura, akionyesha mahali pale pale. Elibariki hakucheka tena. Alimpa Tunu baraza, ndoo, na flashi yenye picha tano tupu, kila moja na rangi yake. Na wakawekeana makubaliano: kompyuta aliyoipitisha Tunu ikitoa nukta mfu ndani ya siku saba, duka litaibadilisha bila maneno, kisha duka nalo litamdai msambazaji, ambaye halipii kasoro iliyoonekana kabla ya kuuza.

"Mie watu hawaniamini," anasema Elibariki huku akicheka, akimwita Tunu kwa jina la binti yake. "Wanamwamini Mama Raudha. Mie nashika ufunguo tu."

Imani hiyo nusura ipotee mwezi Machi mwaka huu, na chanzo chake kilikuwa nailoni.

Dar es Salaam kitu kipya hakivuliwi nguo haraka. Kochi linakaliwa na nailoni yake, linalia kwacha kwacha kila mgeni akijigeuza. Rimoti inabonyezwa ikiwa ndani ya mfuko wake. Ukiibandua nailoni, umekwisha kukitumia kitu. Hakina upya tena.

Basi akaja Mwalimu Eufrazia, mwalimu mstaafu mwenyeji wa Bukoba anayeishi Mikocheni. Alikuwa akimnunulia zawadi mkwewe Revelian, mume wa binti yake. Revelian ni mpima ardhi, na ndio kwanza alikuwa amepata kazi yake mwenyewe, kuchora ramani ya viwanja kwenye vilima vya Madale.

Kanuni ya Tunu ni kubandua nailoni ya kioo kwanza. Mwalimu akaweka kiganja juu ya kioo.

"Hapana, dada. Hii ni zawadi ya mkwe. Itafika na nguo zake."

"Sitaona vizuri, Mwalimu."

"Jicho linalosifiwa Temeke nzima, nailoni ndiyo ilishinde? Unataka mkwe wangu aseme nimemwokotea?"

Tunu anasema aliona haya. Hawapishani sana umri, wote mama wa mabinti, na heshima ya ukwe anaijua. Akaingia chini ya kaniki na kompyuta na nailoni yake. Akaona punje tatu. Vumbi hilo, akajiambia. Chini ya nailoni vumbi halikosekani. Akaipitisha.

Siku ya sita Revelian akatokea, peke yake, kakumbatia begi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona unanong'ona?"

"Nina ishu. Mama mkwe asijue."

Kumbe siku zote hizo naye alikuwa hajaibandua, maana mama mkwe alishapita mara mbili kuangalia zawadi inaendeleaje. Joto ndilo lililoikunja nailoni pembeni, akaamua kuimalizia. Punje mbili ziliondoka na nailoni. Ya tatu ikabaki, kwenye ramani yake, juu kabisa ya kilima cha Madale.

"Kwenye ramani zetu nukta ni jiwe la mpaka," Revelian anasimulia. "Nikampigia mwenzangu Fredrick, nikamuuliza, hili jiwe la nne juu kule kalisimika nani? Akapanda kilima na jembe, kachimba nusu saa! Nilipoisogeza ramani, jiwe likabaki pale pale. Ndipo nikajua."

Tunu aliingia tena chini ya kaniki. Nyekundu, nyeusi tii. Kijani, nyeusi. Bluu, nyeusi. Nyeupe, hapo ikamtazama kabisa. Maiti haiamshwi, lakini kwa saa mbili aliichezeshea rangi, huku jasho likimtiririka.

Ilibaki siku moja ya dhamana. Elibariki alitoka na daftari lake mkononi, na hakuwa na nia mbaya. Alitaka mambo yaishe.

"Imejitokeza baada ya kuuza, siyo? Sema tu ndiyo, Mama Raudha. Naandika, msambazaji analeta nyingine, kila mtu aende kwake."

Barazani walikuwapo wateja wanne wakisubiri zamu zao. Kama Tunu angesema ndiyo, nani angejua? Revelian angepata kioo kizima, duka lisingepoteza, na jicho la Tunu lingebaki na sifa zake. Kama angesema kweli, msambazaji asingehusika, hasara ingebaki dukani, na Tandika nzima ingesikia kwamba Tunu alipitisha maiti. Mkaguzi wa vioo akishapoteza neno lake, anabaki na ndoo.

"Kilichonijia kooni ni ndiyo," anakiri. "Nilishafungua mdomo."

Kilichotoka kilikuwa kingine. "Ilikuwapo. Niliiona kwa macho yangu. Nilipima juu ya nailoni, nikaiita vumbi. Jiwe halioti ndani ya mchele, Eli. Liliingia nao."

Mteja mmoja alichukua mfuko wake taratibu, akaondoka. Elibariki akashika kichwa.

"Mama Raudha, unanimaliza mbele za watu!"

"Bora nikumalize leo mara moja, kuliko kila siku kidogo kidogo."

Risiti ilikuwa kwa Mwalimu Eufrazia, na bila risiti hakuna kubadilisha. Revelian akaomba apewe hadi kesho atafute namna ya kusema. Tunu hakumngoja. Akapiga simu mwenyewe, akaweka sauti ya juu, na mkwe wa watu akajifunika uso kwa begi.

"Mwalimu, ile kompyuta ina nukta iliyokufa."

"Nukta ngapi?"

"Moja."

"Moja tu? Mie nina meno matatu yameng'oka na bado natafuna nyama!"

"Mwalimu, kosa ni langu. Nilikuonea haya na nailoni yako."

"Lakini si uliniambia niiache ibanduliwe? Mie ndiye niliyekataa."

"Uliponikatalia, na mie nilitakiwa nikatae kupima. Sikukataa."

"Huyo mkwe wangu yuko wapi?"

"Yuko hapa, kajificha nyuma ya begi."

"Mwambie atoe hilo begi. Nakuja."

Alikuja na risiti, akaonyeshwa nukta kwa njiti ya kiberiti, kisha akawageukia watu wa barazani na sauti ileile ya darasani. Akawaambia kwamba fundi alimwonya, mwanafunzi hakusikia, na wote wawili wamefeli somo moja. Jokofu lake, akasema, lina nailoni tangu mwaka 2019, na jioni hiyo anakwenda kulivua.

"Na wewe, Revelian, siku nyingine zawadi ikikuumiza, sema. Mie si simba."

Elibariki alibadilisha kompyuta. Ile yenye nukta ikarudi rafuni, bei imeshushwa kwa Sh60,000, na karatasi juu yake inayosema wazi ina kasoro gani. Tunu alitaka hasara hiyo iwe yake. Alisema atakagua kompyuta ishirini za duka bila malipo. Elibariki alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, maana anamjua. Angezikagua kwa siri.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa kavu. Kuna siku Tunu alikaa na kaniki yake mapajani hadi adhuhuri bila mtu. Alirudi nyumbani kwa miguu, anasema, akijiambia mdomo wake ungekuwa na akili siku ile ungejifunga.

Kisha mmoja mmoja wakaanza kurejea. Wengine wapya.

"Wanafika hapa wanauliza, yule mama aliyejitaja mwenyewe yuko wapi?" anasema Elibariki. "Jina lake wala hawalijui."

Siku hizi akikuta mtu anang'ang'ania nailoni, anamrudishia kompyuta na pesa yake, kwa upole, na kumtakia safari njema. Wiki iliyopita alimrudisha bwana harusi mtarajiwa. Alinuna huyo, akaenda zake.

Ile kompyuta yenye nukta iko rafuni bado, lakini haiuzwi tena. Tunu ameshaiwekea malipo ya kwanza, na amebakiza awamu mbili. Wateja wakisikia hushangaa, mkaguzi mzima anunue alichokikataa?

"Nimeshatazama kompyuta kama elfu tatu," anasema. "Sijawahi kuona hata moja ikifanya kazi. Mie najua rangi zake tu. Nikishazipitisha, zinaondoka."

Mtoto wake wa pekee, Raudha, ni mpishi katika kambi ya wachimbaji Geita, na huu ni mwaka wa pili hajafika nyumbani. Huzungumza kwa picha kwenye simu ya Tunu, yenye kioo cha upana wa vidole viwili.

"Naona kidevu na nusu ya sikio. Namuuliza, umekonda? Anasema hapana. Nitajuaje? Nataka niuone uso wake wote, mkubwa, nikae nao."

Elibariki, ambaye ameahidi kumfundisha kupiga simu hizo za picha kwa kompyuta, amemtahadharisha kwamba nukta iko karibu kabisa na katikati. Itamkaa Raudha shavuni kila watakapoongea.

"Imkae," anasema Tunu, akivuta kaniki kichwani, maana kuna mteja. "Mie ndiye niliyemzaa. Nitajua si yake."