Tembe za Mama Nekesa

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uuguzi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Sista Msimamizi wa zahanati yetu kule Mukuru kwa Njenga hakunionyesha hata pa kuweka mkoba. Alinikalisha mbele ya kibarua wa kiwandani aliyekuja na kikohozi, akaniambia nimpime presha. Ilikuwa juu sana. Yule bwana alicheka, akasema yeye ni mzima, nimpe dawa ya kikohozi aende zake.

"Huyo ndiye utakayegombana naye mpaka ustaafu," Sista akaniambia. "Presha haiumi, na kisichouma hakiheshimiwi."

Alisema kweli, maana nimegombana hadi koo likakauka.

Wacha niwaeleze dawa zenyewe, ninyi mnaodhani tembe zote za presha ni mamoja. Kuna neva zinazoupasha moyo habari kwamba kuna hatari, nao huanza kwenda mbio, na mikono ikatetemeka. Propranolol huzuia habari hiyo isiufikie moyo. Mapigo yanapungua, presha inashuka. Methyldopa nayo hufanya kazi huko huko ubongoni, ndiyo maana wagonjwa wetu walisinzia kazini kisha wakanilaumu mimi. Lakini propranolol ina masharti: mwenye pumu asiiguse, na anayeimeza kila siku asiikatize ghafla. Moyo uliozoea kuzuiwa, ukiachiliwa mara moja, hutimka kama ng'ombe aliyekata kamba. Niliyasema haya Mukuru, nikayasema Lucky Summer nilikohamishiwa, nikapelekwa Mbotela nikayasema tena. Heri ningempigia mbuzi gitaa.

Mbotela ndiko nilikomkuta Mama Nekesa, muuza samaki wa omena na mwimbaji mkuu wa kwaya ya kanisa lao. Propranolol yake aliimeza kwa uaminifu, nami nilimpenda kwa hilo. Kumbe alikuwa amegundua jambo: tangu aanze dawa, hatetemeki tena akisimama kuimba peke yake. Mashindano ya kwaya yalipokaribia na wenzake wakaanza kuingiwa na uoga, akawagawia kwenye mazoezi. Kwa mama yule, kula kitu kizuri peke yako ni uchoyo, hata kikiwa tembe. Zikamwishia kabla ya siku yake ya kliniki. Aliona haya kuja kuomba nyingine, na kwa kuwa hakuumwa popote, akangoja.

Jumamosi ya mashindano waliniletea Mama Nekesa akiwa ameshikiliwa huku na huku, wote wamevaa sare za kwaya. Alikuwa akishika kichwa, na moyo ulimwenda mbio hata niliona mshipa wa shingo ukirukaruka. Daktari wa zamu akauliza dawa aliacha lini, na kwa nini. Msichana mmoja wa kwaya akafungua leso, ndani mna tembe.

"Sista, hii nilikuwa nimeweka ya leo," akasema. "Si tulidhani ni ya kutoa uoga tu. Apewe basi."

"Ungempa juzi," nikamjibu, na nilikuwa na hasira hata sauti ikanitoka vibaya.

Daktari alifanya alichoweza, kisha tukamkimbiza hospitali kubwa. Njiani upande wake wa kulia ukalegea, na maneno yakakatika. Kwaya iliimba bila yeye, ikapewa kombe, na kanisa likaandaa ibada ya shukrani kwa ushindi. Nilialikwa. Sikwenda, na hadi leo nikikumbuka ibada ile nachemka.

Sasa nimestaafu, na bado nakaa Mbotela. Vijana hawaishi kubisha mlangoni: huyu ana intavyuu, yule atatoa hotuba harusini, wote wamesikia kuna tembe ya kutuliza moyo na kwamba mimi siwezi kuikosa. Zamani ningewaeleza mambo ya neva na ubongo hadi chai ipoe. Siku hizi nimechoka. Nawavusha njia hadi kwa Mama Nekesa, kwa maana tulikubaliana hivyo, mimi nikiuliza na yeye akiitikia kwa kichwa. Huwavutia viti kwa mkono wa kushoto, mmoja mmoja, wakakaa.

"Mama," namwambia, "hebu waeleze hawa watoto wewe mwenyewe."

Anafungua mdomo, nao wanasubiri.