Chui wa Miguu ya Kushoto

Katika hifadhi ile ya misitu na magenge walimwita Jicho, na jina hilo alilivaa kama koti la heshima. Mgeni aliyeongozwa naye hakurudi mikono mitupu: asipomwona chui, aliona nyayo zake. Na nyayo hizo alizitengeneza Jicho mwenyewe.

Alichonga kipande cha soli ya mpira, akakigongomelea kwenye ubao wenye ukubwa wa kiganja. Alfajiri, wageni wakiwa bado usingizini, alitangulia hadi kijitoni akaugonga muhuri wake topeni, hatua baada ya hatua, kisha akarejea kambini kuwaamkia. Chui wenyewe walikuwa na miaka miwili bila kuonekana, maana ng'ambo ya bonde mitego ya nyaya ilikuwa imetapakaa. Hata hivyo wageni walifurahi, Mkuu wa Hifadhi akasifiwa, na kila mwezi Jicho akajaza fomu: "Chui: wapo." Kwa sababu ya fomu hizo zilizoonyesha chui wako salama, doria ya bondeni ilifutwa. Wako wasemao kwamba uongo mdogo haumdhuru mtu. Na wakawaulize chui.

Siku ile aliongoza watu watatu: mwalimu mstaafu na mkewe, pamoja na Shangazi, fundi viatu aliyemlea Jicho tangu utotoni na kumsomesha kwa sindano na gundi. Safari hiyo alikuwa ameahidiwa miaka nenda miaka rudi.

"Shangazi, pumzika kidogo," Jicho alimwambia kwenye mwinuko.

"Nipumzike nini? Miguu hii imekaa kwenye kigoda miaka arobaini. Iache nayo itembee!"

Walipofika kijitoni, mwalimu alipiga magoti. "Mke wangu, njoo uone! Chui! Amepita lini?"

"Alfajiri hii," Jicho akajibu. Saa, angalau, aliitaja kwa ukweli.

Mke wa mwalimu alipiga picha. Mwalimu akatoa daftari, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Chui bado wapo."

Shangazi alichuchumaa. Alizikagua nyayo kama akaguavyo kiatu kilicholetwa kibandani, akizipapasa kingo kwa kidole. Akamwashiria Jicho ainame.

"Baba, mnyama huyu ana miguu mingapi?" alinong'ona.

"Minne, Shangazi."

"Yote ya kushoto?"

Jicho aliusogeza mkoba wake nyuma ya mgongo.

"Na mistari hii naijua. Ni ya soli niliyokupa ukabandike buti zako."

"Mama, umeona maajabu?" mke wa mwalimu aliuliza kwa furaha.

Shangazi alijiinua taratibu, akapangusa tope kiganjani. "Mimi ni fundi viatu tu, mwenzangu. Muulize mwanangu, yeye ndiye Jicho."

Laiti angemtukana! Ile sitara aliyompa ilimchoma kuliko matusi. Masikio yalimwaka moto. Aliutazama ule mkono wenye makovu ya sindano, mkono uliomvisha viatu vya kwanza vya shule, akaona haya hata ya kusimama karibu nao. Akaufungua mkoba wake, akautoa muhuri.

"Mwalimu, futa hayo uliyoandika. Nyayo ni zangu."

Mke wa mwalimu alicheka akidhani ni mzaha. Kicheko kikamkauka.

"Saa nzima tumepanda," mwalimu alisema, "kuja kutazama soli ya kiatu?"

Wakashuka, mwalimu akitangulia bila kumngoja kiongozi.

Ofisini, Jicho aliomba mafaili ya fomu zake. Juu ya "wapo" akaandika: "Hawajaonekana. Nyayo nilizighushi mimi."

"Unataka kutuumbua?" Mkuu wa Hifadhi alifoka.

"Mimi nimeshaumbuka, mkuu. Bondeni kuna mitego. Rudisha doria."

Alipotoka, Shangazi alikuwa kwenye benchi, viatu kavua, miguu imevimba. Jicho alishindwa kumtazama usoni.

"Umemaliza?"

"Bado. Fomu ziko ishirini na nne, na nimesahihisha moja."

"Basi unanisimamia nini hapa? Rudi ndani," alisema Shangazi. "Nitangoja."