Siku Tatu za Maji ya Manjano

Mjomba Odelu hajui kuogelea. Ametunza bwawa la nyumba ya Mama Vanaja, hapa pembezoni mwa mji wa Karimnagar, kwa miaka kumi na mmoja, na sijawahi kumwona akiingia kupita magoti. Ukimuuliza, husema ujana wake aliumaliza chini ya ardhi akichimba visima kwa sururu, na mtu aliyeyatafuta maji futi sitini hawezi kuyachezea.

Mimi hufua na kufagia katika nyumba hiyo, mwanangu Sahasra nikimlaza kwenye bembea ya sari chini ya ngazi, kwa hiyo nimemtazama sana. Mtunzaji wa kabla yake aliwasha pampu kutwa nzima. Odelu huiwasha alfajiri kwa muda wa saa mbili, na jioni kidogo tu. Kazi iliyobaki ni ya mikono yake. Majani huyatoa kwa wavu kabla hayajazama, kuta huzisugua kwa brashi, na jua likianza kuchoma hulifunika bwawa lote kwa turubai aliloshona mwenyewe kutokana na magunia ya mbolea. Husema jua ni mlevi. Ukimwachia mtungi wazi, hakubakizii tone.

Wanawake wa vyumba vya nyuma, tunakoishi sisi watumishi, humtania mkewe Rajavva kwamba ameletewa mke mwenza wa vigae vya buluu. Rajavva hujibu, "Afadhali huyu. Hanuni, wala haombi sari."

Nyumba kubwa, bwawa na vyumba vyetu sita, vyote hutegemea kisima kimoja cha bomba. Mwezi wa nne mwaka huu kilitema mchanga siku tisa. Sahasra alikuwa na wiki tatu, nami nilimfuta kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kumwogesha.

Mvua zikaja haba. Ilipofika sikukuu ya Batukamma, ziwa letu lilikuwa tope lililopasuka. Sikukuu hiyo ni yetu wanawake. Tunapanga maua kwenye sinia mpaka yawe mnara, juu tunamweka mungu mama Gauramma aliyefinyangwa kwa bizari ya manjano, tunaimba tukizunguka, na siku ya mwisho tunayaacha yaende na maji. Sasa maji yako wapi? Mama Vanaja, kwa moyo mwema kabisa, akasema tuyaachie bwawani kwake.

Tulikwenda wanawake thelathini na kitu. Odelu alikunja turubai lake. Mama zetu wanasema maua yale husafisha maji, na ziwani labda ni kweli. Ziwa lina samaki, lina tope, lina nafasi. Hakuna aliyefikiri kwamba bwawa la vigae ni sufuria. Mimi mwenyewe niliyasukuma yangu nikiwa nimeushika mkono wa Sahasra.

Asubuhi maji yalikuwa kama mchuzi wa dengu. Maua yamezama, chujio limeziba, pampu inakohoa. Mama Vanaja aliona aibu, na aibu ikamtia haraka: Jumapili mjukuu wake anatimiza mwaka, wageni wanatoka Hyderabad. Akaagiza bwawa limwagwe lote na lijazwe upya kutoka kisimani.

Odelu alivua kitambaa cha kichwani. Nilikuwa nafua hatua tano kutoka kwao, nikaacha kusugua.

"Mama, kisima hakiwezi kulijaza hili. Kitakauka njiani, na huko nyuma kuna watoto."

"Kwa hiyo wageni wangu niwaogeshe kwenye mchuzi?"

"Nipe siku tatu. Nikishindwa, nitalimwaga kwa mkono wangu."

Mama Vanaja akageuka, na nadhani aliiona bembea. "Tatu," akasema. "Jumamosi asubuhi nataka kuviona vigae vya chini."

Kitu cha kwanza alichofanya Odelu ni kuzima pampu. Nilidhani amechanganyikiwa. Akanieleza kwamba uchafu ukikorogwa haulali, na usipolala huushiki. Siku nzima akavua maua kwa wavu. Rajavva akatumwa sokoni kuleta shabu, hii hii tunayozungusha kwenye mtungi wa maji ya kunywa ili uchafu ushuke chini, ila yeye alitaka gunia. Akaiponda, akaiyeyusha ndooni, akainyunyiza akitembea ukingoni taratibu kama mtu anayemwaga mbegu. Turubai hakulirudisha, maana jua ndilo linalokula rangi ya bizari. Nalo halifanyi kazi bure. Kila jioni alichutama akapima kwa vidole kiasi lilichokunywa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

Siku ya pili mawingu yalitokea ndani ya maji, yakaanza kushuka polepole kama maziwa yanayoganda. Nilimbeba Sahasra, tukakaa ukingoni. Pampu imenyamaza, hakuna anayeyagusa, na maji yanajisafisha mbele ya macho yetu. Nilijikuta nanong'ona, kama niko hekaluni.

Jumamosi alfajiri Odelu alifunga mpira wa maji kwenye mwanzi, akazamisha ncha moja, ya pili akainyonya mpaka maji yakamjia mdomoni, akatema, akaishusha bustanini, kwenye migomba iliyo chini ya bwawa. Basi mpira ukawa unavuta wenyewe. Aliupitisha sakafuni shubiri kwa shubiri, ukilamba ule utandu wa manjano, na nyuma yake buluu ikafunguka. Alipomaliza, maji yalikuwa yamepungua vidole vinne tu.

Mama Vanaja akaja peku. Nami niliyekuwapo tangu alfajiri sikuamini: niliona ufa wa kigae kwenye kina kirefu, na kibanio cha nywele kando yake. Yeye akachungulia kutoka ukingoni.

"Odelu," akauliza kwa sauti ndogo, "maji yako wapi?"

"Yapo, mama. Yaguse."

Akainama, akagusa, na sakafu yote ikatetemeka.

Habari ya kujaza kutoka kisimani haikutajwa tena. Odelu alikuwa tayari analivuta turubai lake. Nilikwenda nyuma, nikafungua bomba, nikamwogesha Sahasra mpaka akapiga chafya.