Sanduku Yenye Ilikuwa Inagonga

Nianze na aibu yangu, tuimalize mapema: mwaka muzima nilikuwa nahubiria wanafunzi wa segondere juu ya kusoma vitabu, na mimi mwenyewe nilikuwa sijasoma kitabu hata kimoja mupaka mwisho. Nilikuwa nafungua, naangalia picha. Kama picha hakuna, nafunga.

Kazi hiyo niliipata juu ya mugulu. Mbele nilikuwa motari, nabeba watu na pikipiki kutoka Kasongo mupaka Wamaza. Siku moja pikipiki ilinilalia mu poto-poto ya mvua, mugulu ikavunjika, na shule moja hapa Kasongo ikaniita nichunge biblioteke yao. Hawakutafuta mutu wa akili. Walitafuta mutu wa kukaa. Kukaa, naijua. Masomo yangu iliishia mwaka ya tatu ya segondere, na hakuna mutu alinifukuza: nilitoka kunywa maji, sikurudia.

Ilikuwa chumba kimoja, rafu tatu, vitabu vya zawadi vyenye vilifika mu makartoni. Popo walikuwa wengi kupita wasomaji. Wanafunzi walikuwa wanapita ku dirisha, wanainama, wananiuliza: "Papa, unachunga nini mule? Vitabu vinaweza kukimbia?"

Siku moja prefe, mukubwa wa shule, akaingia na metre ya fundi, akaanza kupima ukuta.

"Prefe, unapima nini?"

"Mupunga ya shamba ya shule. Magunia itaingia hapa muzuri. Kama mwisho ya trimestre ya masomo kaye yako ya kuandika wasomaji ingali nyeupe hivi, tunafunga biblioteke."

"Na mimi?"

"Mupunga haihitaji mutu wa kukaa. Inahitaji paka."

Usiku sikulala vizuri. Nikajiuliza: mimi najua nini mu hii dunia? Nikaona najua kitu moja tu, ya mu pikipiki. Njia ya Wamaza ni refu, na abiria akisinzia anaanguka. Basi sisi wamotari tunawapigia hadisi. Wengine wanamaliza hadisi yao mbele ya kufika. Mimi hapana. Mimi nilikuwa naleta hadisi mupaka pale yenye utamu, na pale pale nakatia. "Mwisho, siku utarudia na mimi." Kulikuwa mama mumoja wa Wamaza alikataa pikipiki ya shemeji yake, ya bure, akaningoja siku mbili ili ajue kama yule mwanaume wa hadisi alioa ao hakuoa.

Asubuhi, kiisha kupandisha bendera, nikaomba ruhusa ya kusema. Nikawaambia hivi: kulikuwa mutu wa Nyangwe mwenye alikuwa anavukisha watu na mutumbwi. Siku moja mama muzee anamuletea sanduku ya kufungwa na kamba. Anamuambia, vukisha hii, lakini usiulize. Wanafika kati ya Lualaba, maji iko inasukuma, sanduku inagonga. Ngo, ngo, ngo. Kutoka ndani.

Pale pale nikakatia, nikashika fimbo yangu, nikaanza kuondoka.

"Alafu, papa?" Shule muzima.

"Iko mu kitabu. Kitabu iko mule ndani. Karatasi ya mbele ilipasuka, jina yake siikumbuki. Mutafute."

Ile hadisi niliitunga mimi mwenyewe, juu ya pikipiki, siku ya mvua. Hata mimi sikujua mu sanduku kulikuwa nini.

Basi waliingia. Walifukuza popo. Juu ya vile nilisema karatasi ya mbele ilipasuka, walianza na vitabu vyenye panya walikula, na vile vilikuwa nusu ya biblioteke. Wanafungua, wanatafuta mutumbwi, wanakosa, na mumoja mumoja anasahau kufunga, anakaa chini. Kijana mumoja wa mwaka ya sita aliangukia kitabu ya kutengeneza mapompi ya maji, sanduku ikamutoka mu kichwa kabisa. Na mimi nilikuwa napita kati yao, mikono nyuma, kama mutu mwenye alisoma vyote.

Kulikuwa binti mumoja wa mwaka ya tano, mutoto wa Wamaza, alikuwa anaishi kwa mama yake mudogo hapa Kasongo. Yeye hakukaa kwa kitabu moja. Anamaliza, anarudisha, ananiangalia.

"Papa, si hiki."

"Uko unakaribia."

Nilimuambia vile siku ya kwanza. Nilimuambia vile siku zote. Mungu anisamehe.

Mwisho ya trimestre prefe akarudia, metre mu mufuko. Akafungua kaye. Ilijaa. Akageuza ukurasa, akageuza tena, akaona kila pahali jina ya yule binti. Akatuma wamuite.

"Mutoto, vitabu makumi ine na kimoja. Nini inakusukuma hivi?"

"Sanduku, Prefe."

"Sanduku gani?"

Akamupigia hadisi yote, na aliipiga muzuri kunishinda. Alipofika ku ngo, ngo, ngo, prefe alikuwa ameishakaa juu ya kartoni.

"Alafu?"

"Muulize papa. Tangu wiki ya kwanza ananiambia nimekaribia."

Prefe akanigeukia. "Leta ile kitabu."

Nikasimama mbele ya rafu. Nikatoa kimoja, nikakirudisha. Nikatoa kingine. Nikaomba mugulu yangu ianze kuuma. Siku ile, hata mugulu ilinikatalia.

"Haiko," nikasema.

"Nani ameikamata?"

"Hakuna mutu ameiandika."

Binti akaniangalia kama mutu mwenye kuhesabu siku zenye alipoteza.

"Sasa kitabu ya kufuga sungura, papa, niliisoma bure?"

"Si bure. Unajua kuwafuga."

"Siwezi hata kuwaangalia tena."

Prefe akafunga kaye pole pole. Nilijua anatafuta nafasi ya paka. Lakini akasema mupunga italala mu chumba ya nyuma ya ofisi yake. Mimi, akaongeza, kesho ku bendera nitawaambia wanafunzi wote ukweli. Na kuanzia pale hadisi yangu yote itatoka mu kitabu chenye nimesoma, mimi, mupaka mwisho. Ningependa anibebeshe magunia.

Kesho yake nikasema ukweli, walicheka mupaka masomo ikachelewa. Nilifikiri hawatarudia. Lakini wale wenye walikuwa kati ya kitabu walirudia. Ukifika kati huwezi kushuka, hiyo kila abiria wa Wamaza anajua.

Yule binti alikuja wa mwisho, akatoa kitabu kidogo ku rafu ya chini, akakiweka mbele yangu. Mama mumoja muuzaji wa chumvi, akaniambia, mutoto wake anachukuliwa na wakwe. Anatembea siku tatu kwenda kumudai. Anafika, anagonga mulango, na mwenye anafungua ni…

Akakatia pale pale.

"Ni nani?" nikauliza.

"Mwisho iko mule, papa." Na akaenda zake.

Nilikisoma siku tisa, kidole chini ya maneno, midomo inatembea. Kifaransa ilinipiga, nikainuka, ikanipiga tena. Siku ya tisa nikamaliza, nikageuza karatasi ya nyuma kuangalia kama kungali kitu.

Nikaenda ku parkingi ya wamotari kumuhadisia rafiki yangu, mwenye tulianza naye pikipiki zamani. Nilimuelezea yote, prefe, sungura, siku tisa. Alicheka kwanza, alafu akaacha kucheka.

"Na sanduku, ndugu yangu? Ndani kulikuwa nini? Mimi pia nangoja tangu tulikuwa tunabeba watu wa Wamaza."

"Sijui. Sikuimalizaga."

Akapangusa kiti ya pikipiki yake.

"Naona. Masomo ulikatia kati. Njia ulikatia kati, mugulu ikavunjika. Hadisi, kati. Mu maisha yako muzima, kitu chenye sijakuona unakatia kati ni sahani ya muchele na sombe tu."